Fisi Mpishi wa Harusi

Fisi alikuwa analia jikoni kwenye harusi ya mbuzi, na darasa zima la kwanza lilimtazama kimya.

"Pilau haina nyama," Albano alisoma, akiinua ukurasa juu ili hata wa nyuma waone machozi yanavyomdondoka fisi chini ya kofia ya mpishi. "Fisi analia. 'Ni vitunguu,' asema Fisi."

Kimya. Na hapo ndipo alipopategemea! Kwao Kiwalani, jirani yake muuza mkaa, mtu asiye na mzaha hata kidogo, alicheka hapo mpaka akashika ukuta.

Bi Salsabil, mhariri, alikwishamrudishia kitabu mara mbili. Safari hii alimwambia waziwazi: "Kawasomee watoto wenyewe. Na usimwambie mwalimu unatafuta nini, asije akawaamuru wacheke. Wasipocheka, kaka Albano, tusisumbuane tena."

Kwa hiyo pale shuleni Chamazi alijitambulisha tu kuwa ni mgeni mwenye kitabu cha picha. Mwalimu Eliaichi alifurahi.

"Karibu sana. Darasa langu lina adabu, na nimeshaongea nao. Hawataniaibisha."

Albano alifunua ukurasa mwingine. Bibi harusi anampa fisi mtoto mchanga ambebe. Fisi anameza mate. Dawati la mbele, msichana mmoja aliuma kola ya sare yake, macho yamejaa machozi. Nimemliza mtoto wa watu, aliwaza Albano. Nyuma, wavulana wawili walikuwa wamelalia dawati, mabega yanatetemeka. Homa hiyo, au njaa. Mwingine alinyoosha kidole kuomba kwenda chooni, akanyimwa.

Alipomaliza, wote walisimama, mikono nyuma. "Ahsante, mgeni wetu!"

Ng'ombe wa maskini hazai, alijiambia. Akaaga bila kumtazama mtu usoni.

Nyuma ya darasa, mama mpishi alikuwa ameinamia jiko la kuni, anakoroga uji wa watoto.

"Mama, naomba niongezee moto."

"Ongezea tu, baba. Kuni zenyewe mbichi hizi."

Miaka minne ya brashi na wino, michoro ya mkono isiyo na nakala, aliisukuma yote chini ya sufuria. Fisi alishika moto kuanzia kofia. Albano alilia, naye hakuwa na kitunguu cha kusingizia.

Mara sauti ya Mwalimu Eliaichi ikatokea dirishani: "Safi sana, wanangu! Hakuna aliyenitia aibu mbele ya mgeni. Haya, ameshaondoka. Sasa chekeni."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko, na aliyesikika kuliko wote alikuwa mwalimu mwenyewe.