Vidonge Viwili vya Marietha

Balozi wa nyumba kumi alisimama akaziba mlango mzima, jembe begani.

"Ndugu Marietha, nipe vile vidonge vyako vya kiungulia. Mke wangu anatapika, na leo hakuna wa kukosa shamba la kijiji."

"Anatapika nini?"

"Maji meusi, kama masizi."

Marietha alifumbata vidonge viwili, dozi yake ya mwisho. Mganga wa zahanati alishamwonya siku alipompa: matapishi meusi ni damu, kimbilieni hospitali. Akivitoa, balozi ataridhika, mke atapelekwa kulima. Akimnyima, ataitwa mnyonyaji kijiji kizima.

Akavitia kinywani. Akavitafuna taratibu, vikimkauka ulimini kama chaki, macho hayambanduki balozi.

"Vimekwisha, Ndugu Balozi. Sasa mpakie mkeo kwenye trekta la kijiji, akimbizwe hospitali."