Majaji Wapya wa Chui

Chui alipotawala nyika, Mahakama ya Juu ilikuwa na majaji watatu: Kobe, Kanga na Nungunungu. Siku moja wakamtia hatiani kwa kumla mtoto wa Ngiri.

"Watatu ni wachache kwa nchi kubwa hivi," Chui akasema, akateua fisi wanne. Kesi ikasikilizwa upya, naye akashinda kwa kura nne dhidi ya tatu. Ngiri akaondoka akilia.

Mwaka uliofuata, fisi wale wakampora Chui windo lake mchana kweupe. Akawashtaki. Wakamsikiliza huku wakijilamba midomo, kisha wakajipa ushindi, nne kwa tatu.

"Nitakata rufaa!" Chui akanguruma.

"Kwa nani, mtukufu?" fisi mmoja akauliza kwa upole. "Juu yetu kuna tumbusi tu, nao wanangoja mifupa."