Petroli Tupu

Fundi Shaame alidondosha matone matatu ya petroli kutoka tangi la gari kwenye karatasi nyeupe, akaiweka juani, akangoja. Petroli ikakauka. Karatasi ikabaki nyeupe kama ilivyokuwa.

Akachukua karatasi nyengine, akadondosha tena kutoka tangi lile lile. Ikawa vile vile. Petroli yenye oili ingeacha doa. Hii haikuwa na oili hata kidogo.

Alikaa juu ya tairi bovu, mikono magotini. Injini ya gari ya Kheir ilikuwa imefunguliwa mbele yake, gerejini kwake, mtaa wa Amani. Haikuwa injini ya pistoni kama nyengine. Ndani yake kilizunguka chuma chenye pembe tatu, na kila ncha ilikuwa na sili, kipande chembamba cha chuma cha kuzibia, kinachosuguana na ukuta wa injini bila kupumzika. Sasa sili hizo zilikuwa zimekatika, na ukuta umechimbika.

Miezi miwili nyuma, Shaame mwenyewe aliing'oa pampu ndogo iliyokuwa ikizipelekea sili oili, kwa sababu ilikuwa ikizidiwa gari inapokimbizwa. Badala yake, oili safi ilitakiwa ichanganywe na petroli kila tangi linapojazwa, robo lita kwa lita ishirini. Kazi ya kupima akapewa Nassra, mke wa Kheir, ambaye hupima dawa dukani Mwanakwerekwe kila siku ya Mungu.

Na juzi Jumapili, kwenye mashindano ya gari barabara ya Makunduchi, gari ilizimika mzunguko wa tatu kati ya kumi.

"Hodi, fundi."

Alikuwa Nassra, koti jeupe la dukani likichungulia chini ya buibui. Aliziona karatasi mbili pale juani, akasimama.

"Ulisahau, Bi Nassra?"

"Sikusahau." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Siku ile ulipotufundisha nilikuuliza, ikikosa oili, gari itapinduka? Ukaniambia haipinduki, inapoteza nguvu na kuzimika tu."

"Nakumbuka."

"Basi. Shemeji yangu Simai alipokufa akishindana barabara ile ile, mimi ndiye niliyezipokea nguo zake hospitali. Miaka miwili haijatimia, baba mkwe kanunua gari nyengine, kaandika jina la Simai mlangoni, kamtia ndani mume wangu. Kheir hawezi kumkatalia baba yake. Na mimi katika nyumba ile sina kauli."

Shaame alizitupia jicho karatasi zile.

"Ukitaka kuwaambia, waambie," alisema Nassra akigeuka kuondoka. "Nitaachwa. Lakini atakuwa hai."

Shaame akaziokota karatasi zile, akazikunja, akazitia mfukoni.

Baada ya sala ya adhuhuri Mzee Khatib aliingia na mwanawe Kheir. Shaame alimwamkia. Mzee hakuitikia. Aliinama juu ya injini, akaitazama muda mrefu bila kuigusa.

"Gari hii ilikuja na pampu yake," alisema. "Nani aliamua itolewe?"

"Mimi, mzee."

"Na kilichoiua ni nini?"

Shaame alimtupia jicho Kheir. Alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, akiangalia sakafu iliyojaa mafuta meusi.

"Ni kazi yangu, mzee. Nilikosea."

Miaka ishirini na sita ya ufundi, hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mteja.

Mzee Khatib akaenda kwenye mlango wa gari. Aliupitisha mkono juu ya jina la Simai, polepole, herufi kwa herufi.

"Kuanza tena sina nguvu," alisema. "Hii ndiyo ya mwisho. Lakini kila mwenye gari kisiwa hiki atajua ni nani aliyeiua."

Hakuwa akitisha tu. Kabla ya alasiri, madereva wawili walikuwa wameshapiga simu kwamba wanakuja kuchukua gari zao. Wa kwanza alitafuta kisingizio. Wa pili hakujishughulisha.

Shaame alikuwa akizipanga spana zake, akijiuliza kesho atafungua gereji kwa kazi gani, pale Kheir aliporudi. Alikuja peke yake, kwa miguu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nisamehe, Kheir. Nimekuharibia."

"Usiniombe radhi." Kheir alichutama karibu na injini. "Na nnakuomba kitu kimoja. Nassra asijue kama nimekuja hapa."

Shaame akaacha kupanga spana. Ameshajua, aliwaza, na leo ndoa ya watu inavunjika.

"Mkeo hana kosa lolote," alisema, haraka kuliko alivyotaka.

"Jumapili alfajiri nilikuwa dirishani," alisema Kheir. "Nilimwona akijaza tangi. Chupa ya oili aliishika muda mrefu, kisha akairudisha kabatini bila ya kuifungua."

Shaame akamkazia macho. "Na wewe ukafanya nini?"

"Nikamshukuru Mungu," alisema Kheir, "nikashuka kwenda kuiwasha gari."