Kabati la Kaka

"Usikohoe," fundi seremala alinong'ona huku akirudisha rafu. "Yule mama jirani ana mdomo mrefu. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu."

Mtangazaji alijibana gizani nyuma ya ubao wa kabati, harufu ya gundi ikimkaba koo. Fundi huyo, kaka yake, alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na lilikuwa na utaratibu wake: unanyanyua kwanza rafu ya kati, ndipo unasukuma ubao. Ukisukuma tu, ni ukuta. Siri hiyo waliijua wawili, watoto wa tumbo moja.

Mdomo ndio uliomponza. Alipewa tangazo la sheria ya kijeshi alisome redioni, akalisoma vizuri, kisha akaongeza la kwake: "Maana yake, ndugu wasikilizaji, jaji kapewa likizo, askari kaachiwa nyundo yake." Wenzake wa studio walimkana asubuhi ileile, na uchungu wa kutoswa bado ulimkaa kifuani. Mahakama ya kukimbilia haikuwepo tena. Alibaki na kaka tu.

Na kaka alijitahidi, Mungu amlipe. Mafundi wote walifunga karakana, yeye akawa anavuka vizuizi na mbao zake bila kuulizwa. "Hata wanajeshi wanahitaji vitanda," alisema akicheka.

Mchana huo buti zilijaa sebuleni. Sahani zikavunjika. Ngumi ziligonga kabati, ubao ukasukumwa, haukutikisika.

Kisha ikasikika sauti ya jirani dirishani. Mtangazaji akajua ameuzwa.

"Mnavunja vyombo vya watu bure!" mama yule alifoka. "Huyo mtu nilimwona kwa macho yangu akipanda lori Jumapili. Mnataka niape?"

Mtangazaji aliona aibu. Muda wote huo alimdhania vibaya, kumbe mwanamke wa watu yuko tayari kuhatarisha shingo yake.

Buti zikatoka. Uani, kaka alikuwa akizungumza na mtu kwa ile sauti ya upole anayowawekea wateja. Nyumba ikatulia.

Baadaye rafu ya kati ilinyanyuliwa taratibu, ndipo ubao ukasukumwa.

"Kaka," alisema huku machozi yakimtoka, macho yakiumizwa na mwanga, "yule jirani tumemkosea sana."

"Kabati safi," alijibu ofisa, akiirudisha rafu mahali pake kwa uangalifu. "Na langu nimemwagiza hivihivi."