Kumbukumbu za Wakuu Watano

Siku hizi mkuu mpya wa kituo cha polisi hupandikizwa kumbukumbu zote za kazi za wakuu waliomtangulia, ili ujuzi wao usipotee. Mke wangu Nasimiyu alipandikizwa za wanaume watano leo asubuhi, nami nilishinda nikimwomba Mungu arudi akiwa bado anatujua.

Aliingia na nyota mpya mabegani. Binti yetu Nekesa akamzuia mlangoni.

"Mama, mimi ni nani?"

"Wewe si ndiye mlafi uliyemaliza nyama ya wageni Krismasi!"

Nyumba ilijaa vigelegele. Tukamshukuru Mungu kwa machozi, tukapakua ugali. Nasimiyu alikula akicheka, kisha akanitazama kwa upole, akamwuliza Nekesa, "Na huyu mzee, ameshaandikisha maelezo?"