Nondo wa Mti wa Nsungwa

Nondo alikuwa amejibandika kwenye shina la mti nyuma ya nyumba, mabawa yake mapana kama viganja viwili, rangi ya tofali lililoungua, na kila bawa lina doa mfano wa jicho. Alikuwa anataga. Mzee Kalolo alisimama kati yake na bomba la dawa.

"Baba, tupishe," alisema Mbilinyi, afisa wa kilimo. Gari la halmashauri lilimngoja barabarani, likiunguruma. "Tumeagizwa tumalize viwavi wa mahindi. Nondo ndiye anayewazaa."

"Huyu hazai viwavi wanaokula mahindi. Anazaa wale tunaowakaanga tukala. Marehemu mke wangu Nsungwa alikuwa akiwaokota hapahapa kila msimu."

"Amri imetoka juu, baba."

"Huko juu." Mzee alicheka kicheko kikavu. "Nsungwa alipozidiwa nilikuja kuwaomba gari hilohilo. Mkaniambia halina mafuta. Leo kwa ajili ya mdudu yamepatikana?"

"Mwambie, shemeji," jirani alidakia kutoka uani kwake. "Labda leo atasikia."

Afisa hakusikia, au alijifanya hasikii. Alipiga pampu, akanyanyua bomba.

Mzee hakusogea. Alifungua vifungo vya koti lake kuukuu, akalitanua kwa mikono yote miwili mpaka likaufunika mti. Mdomo wa bomba ukabaki umemwelekea kifuani, ukidondosha dawa tone moja moja, na nyuma ya koti nondo akaendelea kutaga.