Nyanya za Agosti

Kila Agosti wanangu hutoka Milano kuja shambani kwangu kupumzika, yaani kula na kulala. Mimi huchemsha nyanya, niwajazie chupa za kurudi nazo mjini.

Leo, wakiwa wamejilaza chini ya mtini, nilibeba chupa kwenda kuzipakia kwenye gari la mwanangu Ermete. Kufungua buti, nikakuta za mwaka jana, bado zimeviringishwa kwenye kitambaa changu. Nikazifunua; hata moja haikuwa imefunguliwa. Ndani ya kila chupa, lile jani la mrehani nililotia kwa mkono wangu lilikuwa jeusi.

“Mama, usisahau nyanya!” Ermete aliita, macho kayafumba. “Za mwaka jana tulizigombania mpaka tone la mwisho!”

“Zimo tayari, mwanangu,” nikamjibu.

Nikafunga buti, nikarudisha mpya jikoni.